Kwa nini hesabu ya zege hukosea kwenye jengo la mbao

Swali la msomaji, kwa ufupi: Tunajenga nyumba ya wageni ya ghorofa mbili Unguja. Fremu ni za mbao, sakafu ni chipbodi ya mm 22 juu ya boriti, na kuta kati ya vyumba ni fremu pacha zenye bodi mbilimbili za jipsamu kila upande. Chipbodi ilitandazwa kwanza, kuta zikasimamishwa juu yake. Maabara inaupa ukuta huo uwezo wa kuzuia sauti wa 62 dB. Lahajedwali tunalolitumia kwenye majengo ya zege lilitabiri 57 dB ndani ya jengo, lakini vyumba vya mfano vimetoa 49. Mafundi wameziba kila upenyo. Tumekosea wapi, na tutabirije vyumba vilivyobaki? Na sauti ya nyayo je?

Jibu

Ukuta wenu hauna kosa. Sauti inapita chini yake, kwenye chipbodi ile iliyotandazwa kwa mfululizo toka chumba hadi chumba. Lahajedwali halikuliona hilo kwa sababu limetungwa kwa ajili ya vitu vinavyotetema kwa namna nyingine kabisa.

Ila kabla ya hesabu yoyote, hakikisheni ile 49 haikutokana na madirisha. Kwenye nyumba za pwani zenye luva na veranda ya pamoja, sauti hutoka dirisha hili ikaingia lile, na njia hiyo pekee yaweza kuushusha ukuta wa 62 hadi arobaini na kitu. Zibeni luva kwa bodi nzito pande zote mbili, mpime upya. Namba ikibaki hapohapo, basi tatizo ni la muundo.

Tuanze na zege, maana ndilo lililozaa fomula zenu. Slabu ya mm 200 ikigongwa, wimbi la kunepa, yaani la bamba kupinda juu na chini, husafiri hadi ukingoni, hurudi, hugonga ukingo mwingine, na hufanya hivyo mara nyingi kabla ya kuisha. Zege lenyewe hula nishati kidogo mno: kigezo chake cha upotevu wa ndani, η, ni kama 0.006. Nishati nyingi huondoka kwa kuvuja kingoni kwenda kwenye kuta na slabu jirani. Kwa hiyo mtetemo hutapakaa karibu sawasawa slabu nzima, na muda unaochukua kufifia huamuliwa na majirani. Slabu ileile ikihamishwa toka maabara kwenda kwenye jengo hubadilika tabia. Ndiyo maana njia ya zege humlazimisha mkokotoaji kurekebisha muda wa mvumo wa muundo, Ts, kutoka wa maabara kuwa wa jengo.

Chipbodi juu ya boriti haiko hivyo. Ubao wenyewe, skrubu zinazosuguana na mbao, hewa inayobanwa kati ya ubao na boriti, na sufi ya mawe iliyo chini yake, vyote hula nishati. Mtetemo hufia njiani. Kwa wimbi la kunepa, upotevu kwa kila mita unakadiriwa hivi:

upotevu (dB kwa mita) = 13.6 × η ÷ λ

ambapo λ ni urefu wa wimbi kwenye ubao, kwa mita. Kwenye slabu ya mm 200, wimbi la 500 Hz lina urefu wa karibu m 1.6, hivyo upotevu ni 0.05 dB kwa mita, yaani robo desibeli kwa chumba cha mita 5. Kwenye chipbodi ya mm 22 urefu ni m 0.42, tukichukua η ya 0.03, upotevu ni karibu 1 dB kwa mita. Kwa 2000 Hz hufika 2 dB kwa mita. Na hiyo ni kabla ya kuhesabu boriti, ambazo kila moja hurudisha nyuma sehemu ya wimbi linaloikatiza.

Hapo ndipo mambo mawili yanapogeuka. La kwanza ni la heri: kwa kuwa ufifishaji ni wa ubao wenyewe na si wa majirani, namba za maabara zinahamishika kwenda kwenye jengo bila kusahihisha Ts. La pili si la heri: hakuna tena kitu kinachoweza kuitwa kwa haki kiwango cha mtetemo cha sakafu nzima. Karibu na kiungo mtetemo ni mkali, upande wa mbali umekufa, na wastani hutegemea umeweka vihisi wapi.

Kiwango cha EN ISO 12354-1 cha mwaka 2017 kinagawa vipande vya jengo katika aina mbili kwa sababu hiyohiyo. Aina A ni kile ambacho Ts yake huamuliwa hasa na vipande vilivyounganishwa nacho, na ambacho mtetemo wake hushuka chini ya 6 dB kutoka kwenye kiungo hadi ukingo wa pili, yote hayo hadi angalau bendi (kikundi cha masafa) ya 1000 Hz. Vingine vyote ni Aina B. Zege na matofali ni A. Fremu za mbao au chuma zenye bodi ni B. Paneli nene za mbao za tabaka zilizokingamana kwa kawaida huhesabiwa A, ingawa ufifishaji wake wa ndani ni mkubwa kuliko wa zege, nami nisingeamini bila kupima.

Kupima si kazi kubwa. Gonga upande mmoja wa kiungo kwa nyundo ya mpira mgumu au kitetemeshi. Upande wa pili panga vihisi vya mtetemo kwa mstari ulionyooka kutoka kwenye kiungo: cha kwanza sentimita 25, kisha kila nusu mita hadi ukuta wa mwisho. Soma kwa theluthi za oktavu kuanzia 100 hadi 3150 Hz. Mstari ukishuka 6 dB au zaidi kwenye bendi za hadi 1000 Hz, una Aina B na mjadala umekwisha. Rudia kwa mstari unaofuata boriti na mstari unaozikatiza, kwa sababu sakafu ileile huwa na tabia mbili: mtetemo husafiri kwa urahisi ukienda sambamba na boriti, na hufa haraka ukizivuka moja baada ya nyingine. Mchoro wenu usioonyesha mwelekeo wa boriti kwenye kila kiungo haufai kwa utabiri.

Sasa fomula. Kwa Aina A mnaijua: mnatafuta Kij, yaani kiasi ambacho kiungo hupunguza mtetemo unaokipita, mnaigeuza kwa urefu sawia wa ufyonzaji unaotokana na Ts. Kwa Aina B mnatumia tofauti ya kiwango cha kasi ya mtetemo iliyosawazishwa, Dv,n, na njia moja ya pembeni kutoka kipande i hadi kipande j inakuwa:

Rij = (Ri + Rj)/2 + ΔRi + ΔRj + Dv,n + 10 lg (Ss ÷ (l0 × lij))

Ri na Rj ni uwezo wa kila kipande kuzuia sauti, lg ni logi ya kizio cha 10, Ss ni eneo la ukuta unaotenganisha vyumba, lij ni urefu wa kiungo, l0 ni mita 1, na ΔR ni nyongeza ya tabaka lililowekwa juu, kwa mfano sakafu ya kuelea (bodi iliyolazwa juu ya sufi bila kufungwa kwenye chipbodi). Angalieni kwamba eneo la sakafu halimo. Wahandisi wengi hudhani limesahauliwa. Halikusahauliwa: ukirefusha chumba cha kupokea kutoka mita 4 hadi 8, wastani wa mtetemo hushuka kama 3 dB kwa kuwa mita zilizoongezeka zimelala kimya, lakini eneo linalotoa sauti limekuwa maradufu. Sauti inayomwagika chumbani ni ileile. Anayeingiza eneo la sakafu kwa mkono hujipa desibeli ambazo hazipo.

Dv,n hupatikana kwa kupima pande zote mbili. Tetemesha i, soma tofauti. Tetemesha j, soma tofauti. Chukua wastani, ndio Dv, kisha:

Dv,n = Dv + 10 lg (l0 × lij ÷ √(Si × Sj))

Hapa Si na Sj ni maeneo yaliyopimwa kweli. Tuseme wastani wa pande mbili ni 16.5 dB, kiungo ni m 4.5, na kila sakafu ni m² 20. Dv,n ni 16.5 − 6.5, yaani 10 dB. Mahali pa kugonga pawe angalau nusu mita toka ukingoni na mita moja toka kwenye kihisi chochote, vinginevyo mnasoma pigo lenyewe badala ya mtetemo unaosafiri. Kihisi kikiwekwa juu ya boriti husoma kidogo, kikiwekwa katikati ya boriti mbili husoma kingi. Changanyeni, wala msivipange vyote kwenye mstari wa skrubu kwa sababu tu ndipo fundi alipoacha alama.

Makosa ya lahajedwali lenu, kwa kadiri ninavyoyaona, yako manne, na hayalingani uzito.

Kubwa kuliko yote ni R iliyoingizwa kwa sakafu. Karatasi ya maabara ya sakafu nzima, pamoja na sufi na dari ya jipsamu chini, husema 50 dB au zaidi. Lakini sauti inayokwenda chumba cha pili kwa njia hii haipiti dari. Inaipiga chipbodi, chipbodi inatetema, mtetemo unapita chini ya ukuta, chipbodi ya upande wa pili inatoa sauti. Kwenye kipande cha tabaka mbili, R ya njia ya pembeni ni ya bamba lile tu linaloelekea chumbani. Chipbodi ya mm 22 ina uzito wa karibu kg 15 kwa mita ya mraba, na kwa 500 Hz hutoa takribani 30 dB. Tofauti ya desibeli 20 imeingia kimyakimya, na hakuna Kij itakayoifuta.

La pili ni Kij yenyewe. Fomula za viungo vigumu hutegemea uwiano wa uzito. Kwa kiungo cha msalaba, njia inyookayo ni 8.7 + 17.1M + 5.7M², ambapo M ni lg ya uzito wa kipande kinachokingama ukigawiwa kwa uzito wa kile kinachopitisha. Weka ukuta wa kg 50 na chipbodi ya kg 15: M ni 0.52, Kij ni 19 dB. Fomula inaamini ukuta wa tofali umeibana sakafu kama koleo. Ukuta wenu ni mabamba mawili mepesi yaliyosimama kwenye vipande vya mbao, na chipbodi inapita chini yake kana kwamba haupo.

La tatu, lahajedwali hukadiria upotevu kwa kanuni ya zege, η ya ndani jumlisha m′/(485√f), ambapo m′ ni uzito kwa mita ya mraba na f ni masafa. Kwa bamba la kg 15 kanuni hiyo hutoa karibu sifuri, na Ts inakuwa ndefu mno. Kosa hili huvuta upande wa pili: hufanya njia ionekane mbaya kuliko ilivyo, na hufuta sehemu ya kosa la Kij. Ndiyo hatari yake. Kwenye bendi moja mnaweza kupata jibu linalofanana na kipimo, mkashangilia, kumbe ni makosa mawili yaliyokutana njiani.

La nne ni la kitaalamu zaidi. Bamba likipigwa na sauti ya hewani chini ya masafa ya ulingano, yaani pale ambapo wimbi la kunepa bado ni la polepole kuliko sauti hewani, hutetema kwa namna mbili: kwa kulazimishwa na shinikizo la sauti, na kwa mawimbi yake huru. Yale ya kulazimishwa hayavuki kiungo kwa maana yoyote; huru ndiyo husafiri. R ya maabara imejumlisha yote mawili. Kwa chipbodi ya mm 22 ulingano uko karibu 1350 Hz, na kwa jipsamu ya mm 12.5 ni kati ya 2500 na 3000 Hz, hivyo sehemu kubwa ya masafa ya mazungumzo imo humo. R ya mawimbi huru peke yake ni kubwa kuliko ya maabara. Kutoisahihisha hukufanya mwenye tahadhari kupita kiasi, jambo ambalo mteja hulilipia kwa bodi zisizohitajika.

Tukokotoe bendi moja, 500 Hz, kwa namba za mfano zinazokaribia jengo lenu. R ya mawimbi huru ya chipbodi tuiweke 33 dB pande zote mbili. Dv,n ni 10. Ukuta ni m 4.5 kwa m 2.6, hivyo 10 lg (11.7 ÷ 4.5) ni 4. Njia ya sakafu kwa sakafu: 33 + 10 + 4 = 47 dB. Ukuta wenyewe kwenye bendi hiyo tuseme ni 60. Ukijumlisha nishati za njia mbili, jibu ni 47 tena. Ongezeni bodi ya tatu ya jipsamu ukutani, ya nne, ya tano. Jibu litabaki 47.

Kateni chipbodi chini ya ukuta, kati ya fremu mbili, na Dv,n ipande hadi 20: njia inakuwa 57, jumla na ukuta ni 55. Au acheni chipbodi nzima na muweke sakafu ya kuelea pande zote mbili yenye ΔR ya 8 dB: 47 + 8 + 8 ni 63, jumla 58. Fanyeni hivyo kwa kila bendi kuanzia 100 hadi 3150 Hz, kisha ndipo mtafute Rw, namba moja inayojumlisha bendi zote. Kukokotoa moja kwa moja kwa namba za jumla ni njia ya mkato inayovumilika kwenye zege, si hapa.

Kwenye kila kiungo kuna njia tatu za pembeni, na kingo nne za ukuta wa kati hufanya kumi na mbili. Msizikokotoe zote kwa bidii sawa. Njia zinazoingia au kutoka kwenye ukuta pacha wenyewe kwa kawaida huwa dhaifu. Zinazotawala ni za sakafu kwa sakafu, dari kwa dari, na ukuta wa nje kwa ukuta wa nje pale bodi ya ndani inapopita bila kukatwa nyuma ya ncha ya ukuta wa kati. Hiyo ya mwisho mafundi huipenda kwa sababu inaokoa muda, nayo huharibu kazi sawa na sakafu.

Skrubu zina neno lao. Kwenye chipbodi ya mm 22, nusu ya urefu wa wimbi hulingana na nafasi ya mm 300 karibu 240 Hz. Chini ya hapo ubao na boriti vimeshikana kwa mstari mzima. Juu ya hapo kila skrubu hufanya kazi peke yake na kiungo hulegea kisauti. Mkandarasi akiongeza gundi, au akibana skrubu kila mm 150, Dv,n iliyopimwa kwenye sampuli si yenu tena. Andikeni nafasi ya skrubu kwenye mchoro kama mnavyoandika nondo.

Kuhusu programu za kukokotoa kwa nishati za kitakwimu, zile zinazogawa jengo katika vipande na kusawazisha nishati inayoingia na kutoka: mbinu hiyo ilianza Marekani miaka ya 1960 na inafanya kazi vizuri kwenye matofali na zege. Hudhani kila kipande kimejaa mtetemo sawasawa. Kwenye sakafu inayofifisha sana, dhana hiyo hupeleka nishati nyingi mno kwenye vyumba vya mbali. Mkiitumia, gawanyeni sakafu kwa nafasi kati ya boriti, kila nafasi kipande chake, lakini juu ya masafa ambayo nusu wimbi huingia kati ya boriti mbili tu. Kwa boriti za kila mm 400 hiyo ni karibu 136 Hz na kuendelea. Kuna toleo lililoboreshwa, la mwaka 1994 la mtafiti Heron, linalofuatilia miale ya mtetemo na kuhesabu kinachopotea kila inapovuka kipande. Programu yenu ikiwa nalo, litumieni.

Tahadhari kwenye ΔR ya sakafu ya kuelea. Karatasi nyingi za watengenezaji zimepimwa juu ya slabu nzito. Mwitiko wa tabaka, yaani bodi ya juu na bamba la chini kuchezeana kupitia sufi kama springi, hutokea kwenye masafa f0 = 160 × √(s′ × (1/m1 + 1/m2)), ambapo s′ ni ugumu wa sufi, na m1 na m2 ni uzito wa mabamba hayo mawili kwa mita ya mraba. Kwa sufi yenye s′ ya 10 MN/m³ na bodi ya juu ya kg 30, juu ya slabu ya kg 480 f0 ni karibu 95 Hz. Juu ya chipbodi yenu ya kg 15 inapanda hadi 160 Hz. Karibu na masafa hayo sakafu ya kuelea haisaidii na yaweza kudhuru. Ombeni vipimo vilivyofanywa juu ya sakafu ya mbao, au mwongeze uzito chini: safu ya bodi za saruji juu ya chipbodi, sufi juu yake.

Bodi za jipsamu zilizogandishwa kwa gundi laini inayofifisha mtetemo nazo huuzwa kwa namba nzuri. Ufifishaji wa gundi za aina hiyo hutegemea sana joto. Ukipimwa kwa nyuzi 20 na kutumika chumba cha nyuzi 30, kilele chake huwa kimehamia masafa mengine. Muulizeni muuzaji η kwa nyuzi 30, kwa maandishi. Kumbukeni pia kwamba chini ya ulingano ufifishaji hauongezi chochote cha maana kwa sauti inayovuka ukuta moja kwa moja. Faida yake iko kwenye njia za pembeni na kwenye shimo la ulingano lenyewe, pale uwezo wa bamba kuzuia sauti unaposhuka.

Nyayo ni habari nyingine. Kwenye sakafu nyepesi nguvu ya kisigino iko chini ya 100 Hz, mahali ambapo mawimbi ni marefu, ubao na boriti husogea pamoja, na fomula zote nilizoandika zinakosa mguu wa kusimamia. Tumieni namba inayojumlisha marekebisho ya CI,50–2500, yanayohesabu masafa kuanzia 50 Hz, msitegemee Ln,w, namba ya kawaida ya sauti ya nyayo, peke yake, na jipeni akiba ya 5 dB. Kwa chumba cha pembeni, mahali pa chanzo ni muhimu kuliko wastani: mashine ya kufulia iliyo nusu mita toka kwenye ukuta wa pamoja itasikika kwa nguvu ambayo hesabu ya wastani haikuionyesha. Isogezeni upande wa pili wa chumba, ikiwezekana boriti ziwe zinakatizwa kati yake na jirani.

Kwa vyumba vilivyobaki, ningekata chipbodi kabla ya kusimamisha kuta. Mkato wa mm 10 unatosha, uwe safi, usijazwe saruji wala mabaki ya mbao. Lakini msikate kabla mhandisi wa miundo hajakubali, kwa sababu chipbodi ile inayoendelea huenda ndiyo inayolishikilia jengo dhidi ya upepo. Akikataa, au akidai mabamba ya chuma ya kuunganisha pande mbili, yapunguzwe idadi na yawekwe karibu na pembe. Nafasi kati ya fremu izibwe dhidi ya moto kwa sufi ya mawe. Kipande cha plaiwudi kinachogusa fremu zote mbili kinairudisha ile njia mliyoikata. Kwenye vyumba vya mfano vilivyokwisha kujengwa, sakafu ya kuelea ndiyo njia pekee iliyobaki isiyohitaji kubomoa, na vizingiti vya milango vitabidi vipande kwa unene wake. Mkimaliza chumba cha kwanza, pimeni Dv,n hapohapo kabla ya vigae kuwekwa, muiweke namba hiyo kwenye lahajedwali jipya badala ya ile 10 ya mfano wangu.